Mti Umeungua: Je, Tupime Vinasaba?

Mkulima mzoefu wa matufaha katika bonde la mto Hudson, New York, hahitaji maabara kumtambua Erwinia amylovora, bakteria anayeleta ugonjwa wa fire blight, yaani mti kuungua. Maua hukauka, ncha za matawi machanga hujikunja kama kichwa cha bakora, ute wa rangi ya asali hutiririka kwenye gome. Mti huonekana kama umepitiwa na moto. Bondeni humo ndimo ugonjwa huu ulimotajwa kwanza, mwishoni mwa karne ya 18. Sasa kwa nini alipie kipimo cha vinasaba?

Kwa sababu bakteria huyu hujificha. Anaweza kukaa ndani ya mti wenye afya machoni, vikonyo vya kupandikiza vikakatwa humo na kupelekwa mashamba mengine. Dalili nazo hudanganya: Pseudomonas syringae pia hukausha maua, na Korea yuko Erwinia pyrifoliae, ndugu yake wa karibu anayeshambulia mipeasi. PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA hadi kionekane, huwatenganisha kwa saa chache. Kuwaotesha maabara huchukua siku kadhaa.

Ila kipimo huona kile tu kilichoelekezwa kukitafuta. Kwa miaka mingi vipimo vingi viliilenga pEA29, plasmidi (kiduara kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu) iliyodhaniwa kubebwa na kila Erwinia amylovora. Kisha Hispania wakapatikana wasio nayo, na bado wanaifanya miti iugue. Kwa kipimo kile, mti mgonjwa ungepewa cheti cha uzima. Ndiyo maana vipimo vingine siku hizi hulenga kromosomu yenyewe.

Kosa la upande wa pili linanisumbua zaidi. PCR ya kawaida haitofautishi bakteria hai na mfu. Australia ilizuia matufaha ya New Zealand tangu 1921 kwa kuhofia ugonjwa huu, hadi Shirika la Biashara Duniani lilipotoa uamuzi dhidi yake mwaka 2010. Kesi haikuwa ya PCR, lakini swali lake ni lilelile: bakteria kuwa juu ya tunda kunatosha kuuambukiza mti? Afisa wa forodha mwenye jibu la "DNA ipo" bado hajalijibu.

Pahali ninapokitetea kipimo bila kusita ni kwenye dawa. Streptomaisini, antibiotiki inayopuliziwa miti, ilianza kushindwa California mwaka 1971. Usugu huo hutokana na badiliko dogo kwenye jeni rpsL, au jeni strA na strB zinazohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Jicho haliwezi kuona hayo. Lakini sampuli ipimwe kabla ya msimu: maua yakishachanua, joto likapanda na mvua ikanyesha, hakuna muda wa kungoja majibu. Na mti mmoja wenye dalili zote? Ningekata tawi sentimita 30 chini ya palipoungua, pesa ya kipimo nikaiweka kwa miti mama ya vikonyo.