Mwongozaji pepe asimame mahali pamoja

Ukiingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na kundi la watu, nguzo ndizo zinazoamua nani ataona nini. Mwongoza watalii mzoefu hasimami mbele ya kile anachokieleza. Hujiweka ubavuni mwake, uso akiwaelekezea wageni, nao hujipanga nusu duara.

Msikiti huo umeshapimwa kwa skana za leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa hiyo watu watano, kila mmoja mji wake, kuvaa miwani ya uhalisia pepe, inayomfanya mtu ajione yuko mahali palipoundwa na kompyuta, na kuutembelea pamoja si jambo la kushangaza tena. Swali linalonikera ni hili: mwongozaji pepe, yaani mwongoza watalii aliyeundwa na kompyuta, atasimama wapi?

Wapo wanaotaka kila mgeni aonyeshwe mwongozaji mahali panapomfaa yeye peke yake. Kompyuta inaliweza hilo bila taabu, lakini mimi nalipinga kabisa. Mmoja akisema, "Hebu tazama pale anapoonyesha," mwenzake anaona kidole kinaelekea kwingine. Mazungumzo yanakufia hapo hapo, na kutembelea pamoja kunabaki jina tu.

Kwenye macho naweza kulegeza. Mtafiti wa uhalisia pepe Jeremy Bailenson na wenzake wameeleza jinsi mtu mmoja, ndani ya uhalisia pepe, anavyoweza kuonekana akimtazama kila msikilizaji usoni kwa wakati uleule. Sawa, maana kutazamwa kunamfanya mgeni asikilize. Ila miguu na kidole viwe mahali pamoja kwa wote.

Kupapata mahali hapo kunahitaji hesabu. Miwani mingi huonyesha digrii 100 hivi, karibu nusu ya upeo wa macho matupu, kwa hiyo mwongozaji aliyesimama begani kwako ni kama hayupo. Awe karibu na kitu chenyewe, upande ambao mwili wake haumzibii yeyote, hata mtoto mfupi wa nyuma. Mwanaanthropolojia Edward Hall aliweka umbali wa mazungumzo ya watu wasiozoeana kati ya mita 1.2 na 3.6, mimi ningeanzia mita mbili.

Na pasipopatikana mahali panapowafaa wote, asianze kuhamahama huku anasema. Awaombe wageni wasogee hatua mbili kushoto, awasubiri, ndipo aendelee.