Presha: ukuta au barabara?

Mwaka 2023 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 270 ya mazoezi na presha yenye washiriki 15,827. Mazoezi yaliyoshusha presha zaidi yalikuwa yale ya kukaza misuli bila kusogea: namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa milimita 8.24 za zebaki, wakati kutembea, kukimbia na mengine ya aina hiyo yaliishusha kwa 4.49. Lililoongoza ni la kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa, kama aliyekaa kwenye kiti. Kwa kawaida ni raundi nne za dakika mbili mbili, mara tatu kwa wiki.

Wanaolishabikia wana hoja. Misuli ikikazwa huibana mishipa. Ukiilegeza, damu hurudi kwa kasi na kusugua utando wa ndani wa mshipa, nao hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayoufanya mshipa utanuke. Ugunduzi wa kazi ya gesi hii mwilini ndio uliowapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Lakini hata anayetembea, damu yake huusugua utando huohuo, tena kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo maelezo haya peke yake hayaupi ukuta ushindi.

Kinachonitia shaka zaidi ni aina ya ushahidi. Majaribio mengi ya kukaza misuli yalikuwa madogo, ya wiki chache, na ni machache yaliyoupambanisha ukuta na mbio ana kwa ana.

Upande wa barabara, yaani kutembea na kukimbia, una historia ndefu. Mwaka 1953 mtafiti wa afya Jerry Morris na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Nao ushahidi huo una ufa, na Morris mwenyewe ndiye aliyeufichua: mwaka 1956 alichunguza vipimo vya sare, akakuta madereva walikuwa wanene kiunoni tangu walipoajiriwa. Je, ngazi ziliwalinda makondakta, au waliingia kazini wakiwa tayari na afya bora? Tafiti nyingi zilizofuata zimeupa mwendo nguvu, ingawa nyingi ni za kufuatilia watu tu, bila kuwagawa kwa bahati nasibu.

Kwa hiyo siwezi kumwambia anayetembea kwenda kazini aache kwa sababu ya 8.24. Asiye na nafasi wala muda, ukuta unamfaa, mradi asibane pumzi, kwani presha hupanda wakati misuli imekazwa. Na ambaye presha yake iko juu sana amwone daktari kwanza. Wapo wanaosema punguzo hilo linakaribia la kidonge kimoja, na kwa namba tu ni kweli. Ila vidonge vya presha vimepimwa kwa kuhesabu waliopata kiharusi na waliokufa. Ukuta, hadi sasa, umepimwa kwa mashine ya presha.