Kabla ya Kebo ya Kedarnath, Tuhesabu Watu

Tarehe 5 Machi 2025 baraza la mawaziri la India liliidhinisha kebo ya kilomita 12.9 kutoka Sonprayag hadi hekalu la Kedarnath, katika jimbo la Uttarakhand, kwa zaidi ya rupia bilioni 40. Vibanda vinavyoning'inia kwenye waya vitapandisha watu 1,800 kwa saa, hadi 18,000 kwa siku. Safari inayowatoa mahujaji jasho kwa muda wa saa nane au tisa itakuwa ya dakika 36. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya Wahindu wa Dar es Salaam habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, na ninaielewa. Mama yangu ana magoti mabovu, na tangu niko mdogo namsikia akiomba amwone Baba Kedar, yaani Bwana Shiva wa Kedarnath, kabla hajafumba macho. Hata hivyo ninaupinga mradi huu kwa namna ulivyopangwa, na hoja yangu ya kwanza inatoka ndani ya imani yetu wenyewe.

Kedarnath ni hekalu la Bwana Shiva lililojengwa kwa mawe makubwa ya kijivu, karibu mita 3,580 juu ya usawa wa bahari, chini ya barafu ya Chorabari. Ni mojawapo ya jyotirlinga 12, yaani mahali patakatifu zaidi pa Shiva, na ni mojawapo ya mahali panne pa hija ya Char Dham katika Himalaya, pamoja na Badrinath, Gangotri na Yamunotri. Wazee wetu husimulia kwamba ndugu watano wa Pandava, baada ya kuwaua jamaa zao katika vita vya Kurukshetra, walimtafuta Shiva wakitaka msamaha. Hakutaka kuwaona, akajigeuza fahali. Bhima, mmoja wao, alipomtambua na kumrukia, fahali akazama ardhini, ikabaki nundu tu. Ndiyo maana jiwe takatifu pale ndani lina umbo la nundu, la pembetatu, na si duara laini kama lingam, jiwe la kumwakilisha Shiva, tuliyoizoea kwenye mahekalu ya Kisutu. Mahujaji hulipaka samli kwa mikono yao. Ukilishika unahisi baridi ya mlima wenyewe, na mimi nililia nilipoligusa.

Jambo ambalo wengi wetu huku hatulitilii maanani ni kwamba hekalu hili hufunguliwa miezi sita tu kwa mwaka. Tarehe ya kufungua hutangazwa siku ya Mahashivratri, sikukuu kuu ya Shiva, na milango hufungwa siku ya Bhai Dooj, sikukuu ya kaka na dada, siku chache baada ya Diwali. Theluji inapokaribia, sanamu ya Bwana Shiva inayotembezwa hupandishwa kwenye machela, ikabebwa mabegani hadi mji wa Ukhimath ulio chini bondeni, na huko ndiko anakoabudiwa majira yote ya baridi. Majira ya machipuko yakifika Himalaya hurudishwa juu vilevile: kwa miguu ya watu, akilala njiani Guptkashi, Phata na Gaurikund. Yaani Mungu mwenyewe huusubiri mlima umruhusu, na huenda kwa hatua za mwanadamu. Mila yetu ilijua kikomo kabla ya mhandisi wala waziri yeyote kuzaliwa. Kwa hiyo anayesema kwamba kuweka kikomo cha mahujaji ni kumzuia muumini asimfikie Mungu wake, naona ameisahau dini anayoitetea.

Na mlima umeshasema. Juni 2013 mvua kubwa ilinyesha mapema kuliko kawaida. Asubuhi ya tarehe 17 ziwa la Chorabari, lililokuwa juu ya hekalu, lilipasua kingo zake. Maji, mawe na tope vikashuka juu ya mji uliojaa mahujaji. Rambara, kituo cha kupumzikia katikati ya njia ya zamani, kilifutika kabisa. Katika jimbo zima watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena. Jiwe moja kubwa lilibingirika likasimama nyuma ya hekalu na kuyagawa maji pande mbili, hekalu likapona. Leo watu huliabudu jiwe hilo, nami niliinamisha kichwa mbele yake. Lakini niliposimama pale niliwaza pia hoteli na nyumba zilizokuwa zimejengwa hadi ukingoni mwa mto Mandakini, juu ya kokoto zilizoletwa na barafu hiyohiyo. Jiwe lile halikuziokoa. Tarehe 31 Julai 2024 mvua ilikata tena njia ya miguu, na maelfu ya watu wakalazimika kuokolewa, baadhi kwa helikopta.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 2023 waliofika Kedarnath walikuwa karibu milioni 2. Kebo ikijaa kila siku kwa msimu wa miezi sita, yenyewe peke yake itapeleka zaidi ya milioni 3, mbali na watembea kwa miguu, nyumbu na helikopta. Watalala wapi? Choo kitakwenda wapi kama si mtoni? Mwaka 2022 serikali ya jimbo iliweka kikomo cha watu 12,000 kwa siku. Tangu hapo kikomo kimekuwa kikipandishwa na kulegezwa, maana wenye hoteli na baadhi ya makuhani hulalamika kila kinapotajwa. Nawaelewa, kwa sababu riziki ya mwaka mzima wanaitafuta katika miezi sita. Lakini bonde halilijui lalamiko lao.

Kuna pia suala la pumzi. Wenzangu wa hapa wanaelewa nikisema hivi: Horombo, kituo cha pili cha njia ya Marangu kwenye Kilimanjaro, kiko mita 3,720, na wapandaji hukifikia siku ya pili, polepole, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Kedarnath iko chini yake kidogo tu. Mtu anayetoka Upanga kwenye usawa wa bahari, akapandishwa huko kwa dakika 36 akiwa na miaka 70 na presha, anawekwa hatarini na urahisi uleule aliolipia. Kila msimu wapo mahujaji wanaofia njiani, wengi kwa matatizo ya moyo.

Sisemi njia ya sasa ni takatifu kwa sababu ni ngumu. Nimewaona nyumbu wakipigwa fimbo juu ya mawe yanayoteleza, midomo yao ikitoa povu, na aliyepanda mgongoni akiimba Har Har Mahadev, sifa kwa Shiva. Shiva anaitwa Pashupati, bwana wa wanyama. Sijui tunamwimbia nani pale. Helikopta nazo zimeua: watu saba Oktoba 2022, saba tena tarehe 15 Juni 2025. Kama kebo ingejengwa ili kuondoa nyumbu na helikopta, viti vyake wakapewa kwanza wazee, wagonjwa na wenye ulemavu, na idadi ya watu kwa siku ikaandikwa kisheria kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa, ningeiunga mkono kwa moyo wote. Mama yangu angepanda. Ninachokikataa ni kebo inayoongezwa juu ya vyote vilivyopo. Na wapagazi, wengi wao kutoka Nepal, wanaobeba wazee kwenye vikapu mgongoni, watengewe kazi nyingine mapema. Wazo la kebo lilipotajwa kwa Kilimanjaro mwaka 2019 wapagazi wetu walipaza sauti, wakasikika. Hawa wa Kedarnath sijasikia nani anawasemea.

Sisi tulio mbali tunaweza kuanza na ratiba zetu. Makundi yanayoondoka Afrika Mashariki hubana mahekalu yote manne kwenye likizo fupi, mwezi Mei au Juni, wakati umati umefurika. Chagueni hekalu moja au mawili. Nendeni kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na njia zimepungua watu. Laleni angalau usiku mmoja Guptkashi na mwingine Gaurikund kabla ya kupanda kilomita 16 au zaidi za njia ya miguu. Mzee asiyeweza kutembea akodiwe wapagazi wa machela badala ya nyumbu, na daktari ampime moyo akiwa bado Dar. Nauli ya helikopta mnayookoa inatosha kulipia siku hizo za ziada.