Nilisema Papa, Sikusema Baba

Najua mmeshaisikia. Yule rafiki yangu mdomo wake hauna breki, na tangu jana simu yangu haipumziki. "Eti ulikuwa unamlilia baba baharini?" Jamani! Sikumlilia baba. Nilisema PAPA. Maji yalikuwa mdomoni.

Tulikuwa sita kwenye boti. Kabla hatujashuka kiongozi alieleza mambo mengi sana, mimi nilikuwa napigwa picha na miwani yangu ya kuzamia. Hilo likumbukeni.

Basi nikaingia majini, mrija mdomoni, mapezi miguuni. Chini, kwenye uwazi wa mchanga katikati ya matumbawe, nikamwona samaki anayeitwa kikande. Mkubwa, ana masharubu kama afande mstaafu, anapuliza mchanga kwa mdomo. Nikavuta pumzi, nikazama nikamwone vizuri.

Akajilaza ubavu. Akanitazama kwa jicho moja, na lile jicho likazunguka taratibu, kunikagua kuanzia mapezi hadi kipara. Kisha mwiba wake wa mgongoni ukasimama wima. Mimi nikaona ananisalimia. Nikampungia mkono.

Nyie, nilimpungia mkono samaki.

Akaja. Majini kila kitu huonekana kimekua kwa kama theluthi moja, lakini hayo nimeambiwa baadaye. Wakati ule niliona meno tu, kwangu huyo akawa papa. Nikageuka kukimbilia juu. Akanifuata. Nikapiga teke, akaling'ata pezi la kulia na kulitikisa kama mbwa aliyeokota ndala. Nikazidi kupanda, naye akazidi kupandwa na hasira. Nikajiuliza, huyu nimemkosea nini?

Kumbe kikande mwenye mayai ana eneo lake, na limekaa kama faneli: jembamba kiotani, pana huko juu. Ukikimbilia juu bado uko kwake. Unatakiwa uogelee kwenda pembeni. Ndiyo yale kiongozi aliyokuwa anaeleza wakati mimi natengeneza pozi.

Nilipoibuka, mrija bado nimeuuma, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Papa! Papa!" Sauti ikapita kwenye bomba la plastiki, ikatokea upande wa pili: "Baaabaaa! Baaabaaa!" Bahari ikanyamaza. Mtoto mmoja kwenye boti akamuuliza mama yake, "Huyu mjomba kapotea?"

Sasa kuna kipande ambacho msimuliaji wenu hakuwapa. Yeye alinielewa vizuri kabisa kuwa ni papa, ndiyo maana aliwahi ngazi kabla yetu sote, na kupanda kwake alilikanyaga bega langu. Muulizeni.

Mengine ni mafupi. Pezi lina alama za meno, nimelilipia. Mguu mzima. Samaki alisharudi kwenye mayai yake kitambo.

Leo asubuhi baba kanipigia. Anauliza nilikuwa namwitia nini.