Taa za Dodoma zitazame chini

Kiangazi, ukirudi mjini usiku kutoka Hombolo, lori linalokuja mbele unaliona kabla hujalisikia. Taa zake zinachora nguzo mbili nyeupe hewani. Ukweli ni kwamba unachokiona ni vumbi, linamulikwa nalo linakurudishia mwanga. Upepo ukilipeperusha, nguzo hakuna.

Vumbi hilo ndilo lililonifanya niielewe RS Puppis. Ni nyota ya kundinyota la Shetri, mashariki ya nyota angavu Shira na Suheli, umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi. Kwa wastani mwanga wake ni mara 15,000 ya Jua letu, na hautulii: nyota inatanuka na kunywea, inang'aa na kufifia, kila baada ya siku 41 na ushei. Imezungukwa na wingu kubwa la vumbi. Ikishang'aa, mwanga unalifikia vumbi la karibu kwanza, la mbali baadaye. Mwaka 2010 darubini ya Hubble iliipiga picha kwa wiki tano. Ukizitazama kwa mfululizo, unaona miduara ya mwanga ikitembea winguni.

Wataalamu wanauita mwangwi wa mwanga, na kwa mtu aliyekulia kwenye mawe ya Dodoma jina hilo halihitaji maelezo. Unapiga ukelele, unahesabu mpaka jiwe likujibu, unajua liko mbali kiasi gani. Na hapa vumbi linachelewa kung'aa, na ucheleweshaji huo unasema liko kilomita ngapi kutoka kwenye nyota. Wakilinganisha na upana wa nafasi hiyo kati ya nyota na vumbi inavyoonekana angani, wanapata umbali wa nyota kutoka kwetu. Si jambo dogo. Nyota za aina hii ndizo rula ya kupimia umbali wa galaksi, tangu mwanafalaki Mmarekani Henrietta Leavitt alipoonyesha mwaka 1912 kwamba zenye mzunguko mrefu wa kung'aa na kufifia ndizo zenye mwanga mkubwa. Rula nayo lazima ihakikiwe.

Mwezi wa tano, mvua zikishakata, saa mbili usiku Shetri iko juu, na darubini ya mkononi inatosha kuiona RS Puppis kama nukta. Lakini uwe gizani, na giza Dodoma linatuponyoka. Mji unakua, taa tunazihitaji. Kinachoniuma ni taa zinazofungwa zikitazama juu. Karibu na kwangu kuna jengo jipya lenye taa nne za namna hiyo. Mwezi wa nane, vumbi likiwa hewani, anga lote upande ule linakuwa kama maziwa. Mwanangu aliniomba nimwonyeshe kundinyota la Nge. Tulihesabu nyota tatu.

Jiji liweke sharti kwenye kibali cha ujenzi: taa ya nje iwe na kofia, imulike chini. Yangu nimeifunika juu kwa kipande cha bati. Geti linaonekana vizuri kuliko mwanzo, na tukisimama nyuma ya simtanki, mkia wa Nge tunauona wote.