Hedifoni ya Bodaboda Tatu

Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ninakotafutia riziki kwa kuuza vikorokoro vya simu, hedifoni hupewa mtihani mmoja tu. Mteja anaichomeka kwenye simu yake mwenyewe, maana yangu haiamini. Kushoto inaita? Inaita. Kulia? Inaita. Anauchezea waya pale kwenye pini aone kama sauti itakatika. Haikatiki. Anatoa elfu tano, anadai arudishiwe mia tano ya nauli, anaondoka. Tangu nianze biashara hii sijaona mteja aliyefumba macho ili asikilize vizuri. Ukifumba macho Kariakoo, ukija kuyafumbua hedifoni haipo, na simu uliyoichomekea haipo.

Kumbe wenzetu wanafumba. Wanafumba, wanainamisha kichwa, wananyanyua kidole kimoja kukuashiria usiwasemeshe, na wanakaa hivyo robo saa nzima dukani bila mtu kuwauliza, "Bosi, unanunua au unasikiliza?"

Haya niliyaona Dubai. Nilikwenda kufunga mzigo, nikafikia Deira kama Wabongo wote wanaokwenda kufunga mzigo. Mpwa wangu anayefanya kazi huko akaniambia, "Anko, leo sahau mambo ya kava za simu. Nataka kununua hedifoni ya maana, twende ukanisaidie kuchagua." Nikamwambia hapa chumbani kuna boksi zima la hedifoni, jichotee hata kumi, wewe damu yangu. Akaniangalia kwa huruma. Huyu mtoto sare ya darasa la kwanza nilimnunulia mimi.

Duka lenyewe limo ndani ya moja ya yale majengo yao ambayo nje jua linataka kukuua na ndani baridi inataka kumalizia kazi. Zulia, makochi, taa hafifu za manjano. Hedifoni zimevalishwa kwenye vichwa vya mbao, na kati ya kichwa na kichwa kuna nafasi ya kupita mkokoteni. Eneo lile lingekuwa Aggrey tungetoa fremu nne, na fundi simu mmoja chini ya ngazi.

Kijana wa dukani akaja, mpole, suti imemkaa, akauliza napenda sauti ya aina gani. Inayosikika, nikamjibu. Mpwa wangu akatafsiri kitu kirefu ambacho mimi sikukisema.

Tukaanza na Sennheiser HD 600. Akasema hii iko sokoni tangu 1997 na mpaka leo watu wanapimia nyingine kwake. Moyo wangu ukafurahi, kwa sababu bidhaa ya 1997 kwa hesabu za kwetu ni mtumba daraja la tatu, lazima bei ishuke. Haikushuka. Nikatoa simu nijaribu kwa mtihani wangu wa kawaida, pini ikagoma. Ni ile nene ya milimita 6.35, ya ukoo uleule wa pini walizokuwa wakichomeka akina dada wa mitambo ya simu karne ya 19. Nikauliza, je, nikipata adapta? Akatabasamu. Hata ukipata, ukinzani wake ni omu 300, simu haitaiweza, lazima amplifaya. Na amplifaya inataka kisanduku cha kugeuza namba za kwenye kompyuta ziwe sauti, kisanduku kinataka waya, na waya, jamani, ulikuwa umefungiwa kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Waya! Kwetu mwenye kufuli ni pesa. Waya tunauning'iniza nje kwenye msumari.

Kabla hujavaa wanakuambia uvue kofia, wanakuambia uvue na miwani. Sababu wanazo: mkono wa miwani unainua ule mto wa sikioni, hewa inapenya, besi inapotea. Nikavua. Besi ikaja, kweli. Lakini bila miwani siioni karatasi ya bei iliyo mbele yangu, na sidhani kama hilo halikuwafurahisha.

Halafu nikajulishwa kuwa hedifoni za kifalme nyingi zinaachwa wazi mgongoni, zina wavu. Sauti inatoka nje kama inavyoingia ndani. Maana yake mimi nimelipa, anayesikiliza ni aliyekaa jirani. Na kelele za nje nazo zinakuja bila kupiga hodi. Mkabala na duka kuna mgahawa, mashine yao ya kahawa inafoka kila baada ya dakika. Mtoto wa mtu analilia aiskrimu. Mteja wa pembeni kavaa yake ya wazi, nasikia nyimbo zake zote. Katika hali hiyo naulizwa kama nimeona tofauti ya besi kati ya hii na ile. Nimeona tofauti kati ya mtoto anayelia na aliyenyamazishwa.

Ikaja Audeze ya Marekani, ya sumaku bapa. Ndani ina utando mwembamba ajabu uliowekwa mbele ya safu za sumaku, na sumaku, kama unavyojua, ni chuma. Ina zaidi ya nusu kilo. Besi yake sina ugomvi nayo, hata meno yaliisikia. Shingo ndiyo iliyouliza hili zoezi linaisha saa ngapi. Mama yangu alibeba ndoo kichwani miaka na miaka ili sisi wanawe tusome tusije tukabeba kitu kichwani, leo natolewa hoteli kwenda kubeba sumaku kwa hiari.

Nikaitua. Akaleta Stax, Mjapani. Hawa ndio waliotoa hedifoni ya kwanza ya umemetuli, yaani utando wake unasukumwa na umeme badala ya sumaku, mwaka 1960, na bado hawajaacha. Haichomekwi kwenye amplifaya ya kawaida, ina mtambo wake wa kuupa utando umeme. Mpwa wangu, kwa furaha kabisa, akanieleza kuwa ni volti 580. Nikamwambia rudia. Akarudia. Akasema usiogope, Anko, mkondo wenyewe mdogo mno, hauna madhara. Nyumbani kwangu umeme ni volti 230, na fundi wangu anaushika akiwa amevaa ndala na amesema bismillahi. Sasa nichukue 580 niziweke masikioni, moja kushoto nyingine kulia, katikati ubongo? Nilisikiliza nikiwa nimezishika kwa mikono, zimekaa inchi mbili kutoka kichwani. Kijana akasema kwa umbali huo sauti inapotea. Nikasema acha ipotee yenyewe, isinipoteze na mimi.

Lakini kero yangu kubwa ni nyimbo zao. Duka lina tableti yenye nyimbo maalumu za kujaribia, na nimegundua watu wenye hedifoni ghali hawasikilizi muziki. Wanasikiliza dada mmoja ananong'ona na besi kubwa ya mbao nyuma yake, mtu anagonga glasi, basi. Kijana ananiambia, "Sikiliza hapa, anavyovuta pumzi kabla ya kuimba." Nikasikiliza. Anavuta, tena anavuta kwa shida, nikashauri apelekwe hospitali. Wimbo ukaisha hajaimba sauti ya kufika hata mlangoni. Ngoma hakuna, tarumbeta hakuna, mtu wa kuitikia hakuna.

Nikawaambia wawekeeni na mimi wimbo wangu. Mpwa wangu akautafuta mtandaoni: dansi la miaka ya 70, uliorekodiwa kwenye studio ya Radio Tanzania enzi bendi zote zinapanga foleni pale, bendi nzima chumba kimoja, utepe unazunguka. Nikavalishwa Focal Utopia, ya Wafaransa wa Saint-Étienne, spika zake za beriliamu, madini mepesi na magumu. Ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa dola 4,000, na toleo la sasa limepanda zaidi. Nikapiga hesabu kwa kipimo changu: bodaboda mpya tatu na chenji ya bima. Nikakaa vizuri. Nilijiambia leo magitaa yale nitayasikia kama nimekaa Magomeni mbele ya jukwaa.

Hedifoni ile ni mmbea. Wimbo ule nimeupenda maisha yangu yote, nimeuolea, na yenyewe ikaanza kunitajia aibu zake moja baada ya nyingine. Utepe unachacha shaaa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Gitaa la pili halijakaza nyuzi sawasawa. Mtu amekohoa kwenye ubeti wa pili na wenzake wamemfichia siri nusu karne. Mpiga tumba amechelewa kuingia, akaingia, akajifanya ndivyo walivyokubaliana. Mambo hayo nimeyaishi miaka yote bila kuyajua, nikiusikiliza kwenye redio ya mbao iliyopasuka spika, na wimbo ukawa mtamu kuliko wote duniani. Nimlipe mtu bodaboda tatu ili aje aniharibie?

Mpwa wangu machozi yanamlenga. "Anko, umesikia nafasi iliyopo kati ya gitaa na tarumbeta?" Nimeisikia. Ingekuwa Kariakoo ingeshapangishwa.

Mbinu moja niliishtukia, na hapo hawakunidanganya, maana hiyo nimeifanyia kazi miaka mingi. Kila akitoa hedifoni ya bei ndogo na kunivalisha ya bei kubwa, ile kubwa inaimba kwa nguvu zaidi kidogo. Kidogo tu, desibeli moja mbili, huwezi kusema ameongeza sauti. Sikio lako litasema hii ina uhai, hii imechangamka, kumbe imepaza tu. Ukitaka kulinganisha kwa haki unapima kwa kifaa mpaka zote zilingane sauti. Mimi nikiuza spika ya bluetooth nafanya hivyohivyo: ile ninayotaka iondoke leo naiachia, ile nyingine naibana. Nikamkonyeza kijana. Hakuelewa, au alielewa sana.

Kuna nyingine ya Sennheiser, HD 800 S, wameiandikia kuwa inafika mitetemo 51,000 kwa sekunde. Binadamu mzima, tena kijana, anaishia kama 20,000, na umri unavyosogea zile za juu zinakuaga moja moja. Mimi nina miaka 53 na jirani yangu wa fremu ana jenereta. Sasa kuanzia 20,000 hadi 51,000 ananunua nani? Paka. Paka anasikia huko vizuri tu, na nina wasiwasi ndiye aliyeshirikishwa kwenye majaribio. Wamiliki wa hedifoni hizi wengi ni wazee wenye pesa, kwa sababu kijana mwenye masikio hana hela na mzee mwenye hela hana masikio, na biashara inakwenda.

Nikasema pengine hapa ndio mwisho wa maajabu. Kijana akatuonyesha picha ya Sennheiser HE 1. Zaidi ya dola 50,000. Amplifaya yake imechongwa kwa marumaru ya Carrara, Italia. Ukiiwasha, vitufe vinachomoza vyenyewe na taa za kioo za kukuzia sauti zinapanda juu taratibu. Kwetu ukishawekewa marumaru husikilizi tena chochote.

Na msidhani mpwa wangu mjinga. Asubuhi kwenye metro alinionyesha kwenye simu utafiti wa mwaka 2017 wa mtu aitwaye Jeroen Breebaart, aliyechambua vipimo vya hedifoni 283 akakuta hakuna uhusiano kati ya bei na jinsi hedifoni inavyogawa sauti zake, kuanzia besi hadi zile nyembamba. Ameusoma, ameuelewa, amenitafsiria vizuri kabisa. Halafu akashuka kituoni kwenda kutafuta ya dola 4,000.

Mwisho nikauliza swali la kiungwana: je, akifika nayo nyumbani asiipende? Kijana akasema mwanzoni huenda isimfurahishe sana. Hedifoni mpya inakuwa imekaza, inahitaji kupigwa saa mia, wengine wanasema zaidi, ndipo ifunguke. Na siku za kurudisha mali? Akataja. Mpwa wangu anatoka kazini saa mbili usiku, saa nne amelala. Mpaka saa mia zifike, siku za kurudisha zimeshapita, zimezikwa, na arobaini imesomwa.

Nikachoka. Nikatoa hedifoni yangu mfukoni, ile ya elfu tano, nipoze masikio. Kijana akaiona, akaomba aijaribu, kwa adabu tu nadhani. Akaivisha adapta, akaichomeka kwenye amplifaya ambayo bei yake inajenga choo cha shule, akaweka wimbo wa yule dada mgonjwa. Akafumba macho. Akainamisha kichwa. Akanyanyua kidole.

Nikamwangalia mpwa wangu. Mpwa wangu akaangalia zulia.

Alipofumbua macho akasema sauti za kati zina joto, zina ukweli fulani, imemshangaza. Akauliza ni ya kampuni gani. Nikamwambia kampuni ni kubwa, jina lake lipo pale kwenye boksi, ila herufi moja waliikosea. Akauliza bei. Nikamuuliza, rejareja au jumla? Akichukua kuanzia dazeni tunazungumza, na asiwe na wasiwasi upande wa kulia ukiwa kimya mwanzoni, hizi nazo zinahitaji saa mia.