Godzilla ya 1954 sio ya kuchekwa

Mwandishi, kwenye makala yako umeielezea vizuri hiyo Siku ya Godzilla ya tarehe 3 Novemba, siku ya yule dubwana wa muvi za Kijapani, ila uliposema watu wanaenda sinema kumcheka mtu aliyevaa dude la mpira anakanyaga vijumba vya kuchonga, hapo umenikwaza. Ile muvi ya kwanza ya 1954 hebu kaicheki tena bana. Imetoka miaka 9 tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, na Machi mwaka huohuo Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni kule visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki, majivu yenye sumu ya nyuklia yakawaangukia wavuvi wa Kijapani kwenye boti lao la kuvua jodari na mmoja wao akaja kufa, sasa muvi inaanzaje? Si ndo hivyohivyo, mabaharia wako zao kwenye meli, ghafla mwanga mkali baharini, meli inaungua inazama! Mjapani aliyekaa pale ukumbini mwaka ule hakuhitaji kuelezwa.

Na ule mlio wa Godzilla jamani. Ni kazi ya Akira Ifukube, mtunzi wa muziki wa muvi hiyo: glovu ya ngozi ilisuguliwa kwenye nyuzi za besi kubwa, ile ala kama fidla kubwa, halafu wakachezea spidi ya tepu, basi, hakuna kompyuta wala nini, na mpaka leo ukiusikia kwenye spika za sinema mwili unasisimka wenyewe.

Zile za miaka ya 70 Godzilla anaruka mateke hewani sawa chekeni, hata mimi nacheka sana tu. Ila hii ya 1954 wenye sinema wangeiweka usiku, peke yake, sio kuibananisha katikati ya zile za watoto.